Msichemshe kava za nepi halafu mkasema tumewatapeli

Mhariri, habari za kazi na poleni na majukumu. Mimi ni msomaji wako ila sio yule wa kununua kila siku, gazeti nalipata jioni kwa jirani yangu muuza vocha akishamaliza kulisoma yeye na wateja wake wote, kwa hiyo habari za leo mimi nazijua usiku, na ndo maana hii barua imechelewa. Naomba nafasi nimjibu mama mmoja wa Kihesa, Iringa, aliyeandika kwenye ukurasa huu huu kwamba nepi za kufua za kisasa, zile zenye kava ya nje isiyopitisha mkojo na kitambaa cha kunyonya ndani, ni utapeli mtupu, alinunua sita, mbili zikaanza kuvuja wiki ya kwanza, na zote hazikumaliza miezi mitatu zikawa zinavujisha na kutoka malengelenge, na kwamba sisi tunaozishona tunakula hela za wazazi bure.

Kamwene mama. Mimi ni mmoja wa hao wanaoshona. Niko hapa Uyole, Mbeya, na cherehani yangu moja ya kukanyaga na moja ya umeme. Sikukasirika, yani nilikasirika kidogo, ila nilivyofika pale ulipojitetea kwamba ulizitunza vizuri sana, ulikuwa unazichemsha kila jumamosi na kuzipiga pasi, nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza fundi vipi tena.

Mama yangu, na mimi nilizichemsha.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwezi wa sita, na anayeijua Uyole ya mwezi wa sita anajua nachosema, ile asubuhi ukifungua bomba vidole vinakufa ganzi. Kabla sijajifungua nilinunua kava nane kwa mama mmoja aliyekuwa analeta mzigo kutoka Tunduma, nzuri kweli, zina vifungo vya kubonyeza mbele, zina picha za twiga, nikaona mwanangu atakuwa wa kisasa. Basi mama mkwe akapanda kutoka Tukuyu kuja kunilea, kaja na mikungu ya ndizi, kaja na maziwa mgando, kaja na sheria zake. Sheria ya kwanza nepi ya mtoto lazima ichemke. Sheria ya pili nguo ya mtoto haivaliwi kabla haijapita pasi. Sasa wewe ni mzazi wa siku nne, umelala umefunikwa blanketi mbili, nani anabishana na mama mkwe? Akazikusanya zote, nepi za taulo na kava za twiga, akazitia kwenye debe la bati, sabuni ya mche kaikwangua humo kwa kisu, jiki kidogo, moto wa kuni nyuma ya nyumba, saa nzima. Jioni akaniletea zimekunjwa, zimepigwa pasi ya mkaa, za moto moto bado, na mimi nikamwambia ndaga fijo mama, nikalala.

Kesho yake haikufika saa nne godoro limelowa, shuka limelowa, na mimi nimelowa. Nikavua ile kava nikaigeuza ndani nje. Ule upande unaong'aa ulikuwa umetoka mapovu madogo madogo kama chapati ikianza kuvimba kwenye kikaango. Nikalishika povu moja kwa kucha nikavuta taratibu, ukaja utando mwembamba, mweupe, laini, unavutika kama ngozi ya maziwa ukiyaacha yapoe kwenye sufuria. Nikavuta mpaka katikati. Kilichobaki mkononi ni kitambaa cha kawaida tu chenye twiga, ukikiinua dirishani unaona mwanga unapita kwenye matundu ya ufumaji. Nikamwagia maji kidogo, yakapita kama chujio la chai.

Siku hiyo ndo nilianza kujua hicho kitambaa ni kitu gani, na baadaye kikaja kuwa ugali wangu, kwa hiyo niruhusu niseme polepole maana ugomvi wote uko hapa.

Kitambaa cha hizi kava sio kitambaa kimoja, ni vitu viwili vimebandikwa. Nje ni poliesta iliyofumwa, laini, ndo hiyo inabeba rangi na maua. Ndani ni utando wa poliurethani, ni aina ya plastiki ila inavutika kama mpira. Kwenye mabunda wanaandika PUL, herufi tatu, na sisi mafundi tunaiita hivyo hivyo, PUL. Wewe chukulia cheti chako cha form four ulivyokipeleka stesheneri kikalaminetiwa, karatasi iko vile vile ila imeshikana na plastiki na maji hayaingii. Ndo hicho hicho, tofauti hii inakunjika na kufulika. Na huo utando kwenye zile kava nyepesi unene wake ni kama milimita 0.025, unywele wako ni mnene kuliko huo, halafu tunategemea uzuie mkojo wa mtoto usiku kucha. Kuna ambayo utando umeshikishwa kwa gundi na kuna ambayo umebandikwa kwa joto tu bila gundi, hiyo ya pili wanaiandika TPU, inasifiwa kuwa laini na kuvutika zaidi, ila zote mbili kanuni yake ni moja: kinachozuia mkojo sio twiga, ni ule utando, na ukishaachana na kitambaa hakuna fundi wa kuurudisha. Mimi nimejaribu. Nimeunguza na meza.

Sasa moto. Mwanangu aliyeko sekondari (huyo huyo wa twiga, ameshakua) aliniambia huku kwetu juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, yanachemka kama 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, nikamwambia baba asante kwa elimu ila hata hizo 94 zinatosha kuua kava. Mtengenezaji anaandika 40, wengine wanaruhusu mpaka 60. Sisi hatuna kipimajoto bafuni, kwa hiyo kipimo ni mkono: kama unaweza kuzamisha mkono na kuuacha humo bila kuutoa mbio, hayo maji yanafaa. Yale ya kukurukisha ni ya chai. Na usiikamue kwa kuisokota kama deki ikiwa bado ya moto, maana joto linalegeza na wewe unavuta, ibonyeze tu, maji yatoke, basi.

Pasi ndo usiguse kabisa. Sio ya mkaa wala ya umeme, sio kwa nje wala kwa ndani, sio na kitambaa juu yake. Ule utando ukikutana na bati la pasi unayeyuka palepale, utaona kimoshi, na hiyo harufu haitoki kwenye pasi wiki nzima.

Jiki nayo. Najua tunaipenda, mimi mwenyewe siwezi kukaa bila jiki, ila klorini inaila poliurethani taratibu na inaikausha lastiki ya mapajani mpaka ikilegea hairudi. Doa la njano kwenye kava halimuui mtoto. Mimi nasemaga doa ni la macho ya wageni.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui kabisa, na hata mimi lilinichukua miaka. Umewahi kununua kiatu kizuri cha mtumba, kinang'aa, ukakiweka kabatini ukisubiri harusi, siku ya siku unakivaa, hujafika kanisani soli inamomonyoka kama keki? Watu wanasema kiatu kimelogwa. Soli nyingi za namna hiyo ni poliurethani, ukoo mmoja na utando wa kava yetu, na kinachoila ni unyevu ukikaa nayo muda mrefu, maji yanaikatakata kidogo kidogo huko ndani bila wewe kuona. Sasa mama unavyoloweka nepi kwenye ndoo, unafunika mfuniko, siku mbili, tatu, kusubiri zijae ufue kwa mpigo, humo ndani kuna unyevu, na mkojo ukikaa unageuka amonia, ile harufu inayokuchoma pua ukifunua. Hiyo ndoo ni sumu ya kava kuliko hata ufuaji wenyewe. Zile za taulo hazina neno sana, pamba ni ngumu. Kava itoe, isuuze kwa maji ya baridi palepale, itundike. Dakika mbili hazifiki. Kama ina kinyesi kikung'utie chooni kwanza ndo uisuuze, sijui kwa nini kuna watu inabidi waambiwe hili.

Sabuni ya unga ya kawaida inatosha, kidogo, na suuza mpaka maji yawe meupe. Ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua usitie, inaacha utelezi juu ya vitambaa vya ndani na mkojo unateleza juu yake badala ya kuzama.

Kuanika, hapa sisi wa nyanda za juu tuna shida ambayo watu wa Dar hawaielewi. Mwezi wa sita na wa saba nguo inakaa kwenye kamba siku mbili inatazamana na wewe, na kule Tukuyu mvua haina miadi, kwa hiyo kila mtu anakimbilia jiko la mkaa. Unaona mama kazungushia nepi kwenye viti, jiko katikati, kama mkutano wa kijiji. Za taulo sawa. Kava usiisogeze kwenye jiko, na kwakweli haina haja, maana yenyewe hainyonyi maji, ukiikung'uta vizuri na kuitundika ndani ya nyumba mahali penye hewa asubuhi unaikuta kavu hata kwenye baridi. Kinachochelewa ni vile vitambaa vya ndani. Jua nalo la huku linadanganya, unavaa sweta huku linakubabua pua, ukiiacha kava juani kutwa nzima siku zote ule utando na lastiki vinakakamaa.

Hapa sasa mama mkwe alinishika pabaya. Aliniuliza, mwanangu, umeniambia nisipige pasi, umeniambia nianike kivulini, na wale nzi je? Wakubwa wanajua anaongelea nini. Kuna nzi mmoja anataga kwenye nguo mbichi, anapenda hasa yenye harufu ya mkojo, na anapenda iliyoanikwa kivulini au iliyotandazwa chini, yale mayai yanaanguliwa ndani ya siku chache, kifunza kinaingia kwenye ngozi ya mtoto, inatoka kama jipu na ndani kuna kitu kinachezacheza. Ukishuka kwenye joto kule Kyela wanamjua vizuri kuliko sisi wa baridi. Pasi ya bibi zetu haikuwa urembo, ilikuwa dawa ya huyo mdudu, na mimi nilikuwa namuona mama mkwe mshamba kumbe mshamba ni mimi. Tulichokubaliana ni hivi: vitambaa vyote vya ndani, khanga, taulo, flaneli, vyote vinavyogusa ngozi, vinaenda juani na vinapita pasi ya moto mbele nyuma mpaka kwenye pindo, hapo mama mkwe ni bosi. Kava zinaanikwa ndani ya nyumba, kwenye kamba niliyoifunga juu ya kitanda chini ya chandarua cha zamani, nzi hafiki. Haziendi nje kabisa. Na hatujawahi kupata shida.

Sasa mama wa Kihesa utaniuliza, zilizovuja kabla ya malengelenge je, maana uliandika kuna mbili zilianza kuvuja wiki ya kwanza. Hapo sikukatalii, ila nina swali: ulikuwa unambeba mtoto mgongoni? Maana kava ikivuja wote tunailaumu kava, na mara nyingi kava haina kosa. Zile nepi za dukani zinakuja na kitambaa cha ndani cheupe chenye manyoya manyoya, maikrofaiba, kile kile cha taulo za kufutia magari. Kinanyonya haraka ajabu. Ila ni kama sponji, ukikibonyeza kinarudisha. Sasa sisi tunabeba, mbeleko imekazwa, uzito wote wa mtoto umekalia nepi, na miguu imekumbatia kiuno chako, ni sawa na kukamua sponji mgongoni kwako. Mkojo unatafuta njia, unatokea pajani, blauzi yako inalowa, unasema kava mbovu. Toa hiyo maikrofaiba, weka khanga kuukuu iliyokunjwa mara nane, au flaneli mbili, pamba inashikilia mkojo hata ikibanwa. Na khanga iwe kuukuu kweli au iwe imefuliwa mara tano sita kwanza, pamba mpya ina nta yake na dawa za kiwandani, hainyonyi. Maikrofaiba yenyewe isiguse ngozi ya mtoto, inamkausha.

Mengine ni madogo ila yanalowesha. Kipande cha khanga kikichungulia nje ya kava hata sentimita moja, mkojo unapanda kwenye hicho kipande kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa, ndani ya nusu saa nguo ya juu yote mbichi. Pitisha kidole pande zote mbili za mapaja uingize kila kitu ndani kabla hujamnyanyua. Na mafuta ya mgando, mama zetu tunapaka mtoto makalio mpaka yanang'aa, hayo mafuta yanahamia kwenye kitambaa cha ndani, siku ya kumi kitambaa kinakataa maji kama jani la gimbi. Paka kidogo, tandika kipande cha khanga laini juu, hicho ndo kipokee mafuta, hicho unakifua kwa maji ya moto kabisa na sabuni ya kutosha.

Na sisi mafundi nasi tusijifanye malaika. Kuna kazi zinatoka kwenye vibanda vyetu za aibu. Nimeshika kava iliyoshonwa kwa kitambaa cha mwamvuli, mwamvuli kabisa, bado ina alama ya chuma. Nimeshika nyingine ya ule mpira wa kutandika mezani, nzito, inanuka, inapiga kelele mtoto akigeuka, na ikifika baridi ya mwezi wa saba inakakamaa na kupasuka kwenye mkunjo. Kuna fundi anashikiza PUL kwa pini kama anashona sketi, kila pini ni tundu na hilo tundu haliziba, sisi tunatumia vibanio vya nguo, vile vile vya kamba. Kuna anayeshona kwa uzi wa pamba, uzi wa pamba unavuta mkojo kupitia mshono mpaka nje, inatakiwa uzi wa poliesta. Sindano iwe nyembamba, namba 11, yenye ncha ya duara ya vitambaa vya kuvutika, sio ile namba 16 ya jinzi, na hatua ya mshono iwe ndefu kidogo, ukishona hatua fupi fupi unakuwa umetoboa mstari mzima kama stempu ya kuchanika. Na jamani upande unaong'aa unaangalia ndani kwenye mkojo, sio nje. Nimeona imegeuzwa.

Mteja na wewe usinunue kwa macho. Fanya kama wanavyonifanyia wanafunzi wa pale chuoni, hao hawadanganyiki: shika kava kama bakuli, mimina maji nusu kikombe, chini tandika karatasi ya chooni kavu, subiri robo saa, halafu bonyeza kidogo kwa vidole huku maji yamo. Karatasi ikilowa katikati kitambaa ni feki au kimechoka. Ikilowa mstari mstari ni mshono wa fundi. Fundi akikataa usijaribu, ondoka.

Na kuna kilebo ndani, wengi tunakikata siku ya kwanza kwa sababu kinamkwaruza mtoto. Usikikate kabla hujakisoma, na hauhitaji kizungu wala kichina kukisoma. Kuna picha ya beseni lenye namba ndani, hiyo namba ndo joto la maji. Kuna pembetatu iliyopigwa msalaba, hiyo ni jiki marufuku. Kuna picha ya pasi iliyopigwa msalaba, hiyo hata mtoto anaijua. Wauzaji nao nawaomba, mnapoleta mabunda kutoka Tunduma na Kariakoo, andikeni hata karatasi ndogo ya kiswahili muibane kwa pini nje ya mfuko, mistari mitatu tu. Yule mama aliyeniuzia zile nane hakuniambia neno, na sidhani kama naye aliambiwa. Mimi sasa hivi naandika kwa mkono, kila kava inatoka na karatasi yake, na bado kuna mtu atanipigia simu jumapili, fundi nimezichemsha.

Watu wanadhani hili jambo ni jipya, kwamba ni mambo ya wachina ya juzi. Mwaka 1946 huko Marekani kuna mama aliitwa Marion Donovan, kachoka kubadilisha mashuka, akakata pazia la plastiki la bafuni kwake akashona kava ya nepi kwenye cherehani. Baadaye akahamia kwenye nailoni ya maparachuti, akaweka vifungo vya kubonyeza badala ya pini, mwaka 1949 zikaanza kuuzwa duka kubwa la New York linaitwa Saks Fifth Avenue, na hati ya ugunduzi akaipata 1951. Nampenda sana huyu mama, kila nikimfikiria na lile pazia namwona kabisa mume wake anarudi kazini anakuta bafu liko wazi.

Hesabu sitaki kuirefusha, kila mzazi anaijua. Pampasi ya rejareja dukani kwetu hapa mia tano, mtoto anatumia tano kwa siku ukibana sana, hiyo ni shilingi 2,500, mwezi shilingi 75,000, na zikishatumika zinaishia kwenye mfereji nyuma ya nyumba, mbwa wanazigombania. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019 na tukazoea, ila hizo zimebaki. Kava sita kwangu ni shilingi 48,000, khanga za ndani unazo tayari. Nimeona ya mteja wangu wa Mbalizi imevaliwa na watoto wawili na sasa iko kwa wa tatu, lastiki tu ndo nimebadilisha. Huyo mama hajawahi kuitia kwenye moto hata siku moja, anaifua jioni kwa maji ya vuguvugu yaliyobaki baada ya kumuogesha mtoto, sabuni kijiko kimoja, anaitundika nyuma ya mlango. Hiyo ndo siri yake yote, nimemuuliza.

Mama mkwe bado yupo, mzima, na sasa anawafundisha wakwe zake wengine. Juzi alinipigia kutoka Tukuyu, kuna kitukuu kimezaliwa, akaniuliza mwanangu ile ya mpira ni maji ya kuogea au ya baridi? Nikamwambia ya kuogea mama. Akasema haya, na pasi nimeificha.

Sasa mama wa Kihesa, usizitupe hizo sita. Lastiki huenda bado nzima, kilichokufa ni kitambaa. Zifunge kwenye mfuko wa kaki, mpe konda wa basi lolote linalokuja Mbeya, yote yanapita Uyole, nauli ya mzigo nitalipa mimi zikifika. Nitafumua lastiki iliyo nzima nikushonee mpya za PUL niliyonayo, ni ya kijani haina twiga, bure, ila utaniletea majibu kwenye ukurasa huu baada ya mwaka. Mhariri anayo namba yangu. Na tafadhali usizichemshe kwanza ili zifike safi, nitazifua mwenyewe.

Ni mimi,
Fundi wa nepi, Uyole, Mbeya.